Mti wa Mama Wataka Jua

Nilipohamia Dunga, Kisumu, nilichukua kijiti cha boganvilia kutoka kwa marehemu mama. Nikakipanda chini ya mwembe, nikakimwagilia asubuhi na jioni. Miaka 2 ikapita, majani matupu. Kisha mizizi ikaanza kuoza.

Mzee mmoja mvuvi akanionya: “Mwanangu, unauzamisha mti wa mama yako.”

Nikakata tawi lililosalia hai, nikalipanda juani kwenye tuta lililochanganywa mchanga, maana udongo mweusi wa huku hutuamisha maji. Liliposhika, nikalimwagilia udongo ulipokauka tu.

Leo limewaka zambarau. Kumbe rangi ile ni ya majani. Ua lenyewe ni dogo, jeupe, katikati.

Ndugu msomaji, asili ya boganvilia ni Amerika ya Kusini. Ipe jua, usiidekeze kwa maji.