Mizani Haisemi Yote: Muhammad Ali na Suala la Uzito Ulingoni

Katika nyumba nyingi za Waislamu jina la Muhammad Ali hutajwa kwa fahari, na wazee wanapowasimulia vijana habari zake, aghalabu husimulia usiku wa Kinshasa. Tarehe 30 Oktoba 1974 Ali alipanda ulingoni akiwa na uzito wa kilo 98.2, akastahimili makonde ya George Foreman akiwa ameegemea kamba, kisha akamwangusha katika raundi ya nane.

Usiku wa Las Vegas husimuliwa kwa nadra. Tarehe 2 Oktoba 1980 Ali alikabiliana na Larry Holmes, aliyewahi kuwa mwenzake wa mazoezi. Mizani ilionesha kilo 98.7. Tofauti na Kinshasa ilikuwa nusu kilo tu, na waliomwona walimsifu kwa kurejea katika umbo la ujana. Hata hivyo, majaji wote watatu walimpa Holmes kila raundi, na baada ya raundi ya kumi kocha Angelo Dundee alilisimamisha pambano. Ali hakuwa amewahi kusimamishwa kabla ya muda katika maisha yake yote ya ngumi za kulipwa.

Je, inakuwaje uzito ule ule umbebe mtu mara moja na kumwangusha mara nyingine?

Faida ya uzito

Katika ngumi za kulipwa, bondia wa uzito wa juu ni yule anayezidi kilo 90.7, na hakuna kikomo cha juu. Mabondia wa madaraja mengine hulazimika kujipunguza ili wafikie kiwango chao. Huyu wa uzito wa juu yuko huru. Uhuru huo ndio mtihani wake, kwa kuwa hapana sheria inayomzuia kunenepa, isipokuwa nidhamu yake mwenyewe.

Uzito una faida zake. Konde zito huanzia kwenye unyayo, likapanda kupitia paja na nyonga, likafikia bega na kumalizikia kwenye ngumi. Mwili mkubwa ukisukumwa kwa kasi ile ile hutoa pigo kubwa zaidi. Tena bondia mzito anapomkumbatia mpinzani na kumwegemea, humchosha bila hata kumpiga. Foreman huyo huyo, akiwa na umri wa miaka 45 na uzito wa takribani kilo 113, alimwangusha Michael Moorer mnamo Novemba 1994 katika raundi ya kumi. Moorer alikuwa na kilo zipatazo 100. Foreman hakumkimbiza kijana yule. Alisubiri kwa subira nafasi ya konde moja.

Mzigo usiopigana

Lakini si kila kilo hupigana. Msuli hutoa nguvu, ilhali mafuta hayatoi nguvu yoyote, nayo yanadai kubebwa na miguu na kuhudumiwa na moyo kwa raundi 12 za dakika tatu tatu. Zaidi ya hayo, mafuta huzuia joto kutoka mwilini. Bondia anapopata joto kupita kiasi, mikono huwa mizito, kinga hushuka, na akili huchelewa kuona konde linalokuja.

James Douglas alimshangaza ulimwengu mwezi Februari 1990 mjini Tokyo alipomwangusha Mike Tyson akiwa na kilo 105. Miezi minane baadaye alikwenda kuutetea ubingwa akiwa na kilo zaidi ya 111, akaangushwa na Evander Holyfield katika raundi ya tatu. Andy Ruiz naye alimshinda Anthony Joshua mwezi Juni 2019 akiwa na kilo zipatazo 121. Waliporudiana Diriyah, Saudi Arabia, mwezi Desemba mwaka huo huo, Ruiz alikuwa amefikia kilo 128, na Joshua ameshuka kutoka kilo 112 hadi 107 hivi. Usiku kucha Ruiz alimfuata bila kumfikia, akashindwa kwa pointi.

Wepesi ulioponza

Mtu anaweza kuhitimisha kwamba dawa ni kukonda. Hapo ndipo kisa cha Ali kinapotuonya.

Mwaka 1980 Ali alikuwa na umri wa miaka 38, na alikuwa hajapigana kwa miaka miwili. Mwezi Februari mwaka huo alifika Dar es Salaam na Nairobi akiwa mjumbe wa Rais wa Marekani, na aliporejea mazoezini uzito wake ulikuwa umepita kilo 113. Aliupunguza kwa miezi michache, na miongoni mwa alivyotumia ni dawa ya tezi ya shingoni aliyopewa na daktari. Dawa ya aina hiyo huuharakisha mwili kuunguza akiba yake. Huondoa mafuta, lakini hula na misuli. Huuendesha moyo mbio, na huufanya mwili ushindwe kustahimili joto. Ali alipanda ulingoni uwanja ukiwa wazi katika joto la jangwani, kiwiliwili chake kikipendeza machoni, na ndani yake akiba imekwisha. Umri nao ulichangia, lakini mwili uliodhoofishwa kwa dawa haukumwachia hata kile ambacho umri ulikuwa haujakichukua.

Basi mizani hupima mzigo, wala haipimi nguvu. Kilo 98 za Kinshasa zilijengwa kwa mazoezi. Kilo 98 za Las Vegas zilikuwa mabaki ya mwili ulioporwa.

Kwa wazazi

Somo hili linawahusu pia wale ambao hawatapanda ulingoni kamwe. Vijana wetu wanaojiunga na klabu za ngumi huweza kuamriwa kupunguza kilo kadhaa katika siku chache, na wapo wanaojinyima maji, wanaojifunika nguo nzito ili watoke jasho, au wanaomeza vidonge vya kuharisha na vya kukojoza. Mzazi asiridhike kusikia kwamba kijana amefikia uzito. Amuulize: amepungua kwa muda gani, kwa chakula gani, na ameshauriwa na nani? Akimwona ana kizunguzungu, moyo unamwenda mbio hali amepumzika, au mkojo umekuwa mchache na wa rangi nzito, amzuie mazoezi na ampeleke hospitali.

Na kwa sisi tunaotaka kupungua kwa ajili ya afya, kanuni ni hiyo hiyo. Mwili ulionenepa kwa miaka usidaiwe kukonda kwa wiki mbili. Kilo inayoondoka taratibu kwa chakula cha kiasi na mazoezi ya kudumu humwachia mtu nguvu zake. Inayofukuzwa kwa vidonge huondoka na vingi ambavyo mizani haioneshi.