Maji Yakipungua, Ndege wa Malagarasi Huonekana

Anayetaka kuwaona ndege wa majini bila taabu aende kwenye ziwa la jangwani. Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, limezungukwa na mawe na mchanga mtupu. Ndege wa eneo lile hana maji mengi mengine ya kukimbilia, na sehemu kubwa ya ufuko haina jani la kumficha. Heroe na mwari wanaonekana waziwazi hata kwa mbali.

Nyanda za juu za Kigoma ni kinyume chake. Kibondo na Kasulu mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi karibu na Mei. Vijito hushuka kutoka kila kilima kuelekea mto Malagarasi na wenzake, na mbuga za chini hujaa maji. Ndege ni wengi ajabu, ila nani atawaona ndani ya mafunjo yanayomzidi mtu kimo? Wageni wengi huja wakati huo, wakaona mbayuwayu na furukombe wawili watatu, wakarudi wakisema Kigoma ni ya sokwe tu.

Dawa yake ni kusubiri kiangazi. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, ambayo mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza nchini Tanzania kuingia katika orodha ya Ramsar, ina ukubwa wa hekta 3,250,000. Mafuriko yakipanda, mbuga zilizo chini ya maji zinaweza kufikia hekta milioni 1.5. Kiangazi hubaki maji ya wazi ya hekta 250,000 hivi, pamoja na vinamasi vya mafunjo visivyokauka vya hekta 200,000 hivi. Samaki waliokuwa wametawanyika kwenye nyasi hujikuta wamebanwa kwenye madimbwi na katika maziwa ya kina kifupi kama Sagara na Nyamagoma, na yange, mnandi, kwarara na mwari huwafuata hukohuko. Kuanzia Julai hivi hadi mvua za kwanza, nchi ya miombo inakuwa na tabia ya jangwa: maji machache, walaji wengi.

Mwenyeji mkuu wa vinamasi hivyo ni korongo nyangumi. Ana kimo cha mita 1.2 hivi, rangi ya kijivu, na mdomo mpana wenye umbo la kiatu cha mti, ambao urefu wake unafika sentimita 20 na zaidi. Duniani kote anakadiriwa kubaki kati ya 5,000 na 8,000, kuanzia vinamasi vya Sudan Kusini hadi Bangweulu nchini Zambia. Kwa Tanzania, makao yake makuu ni haya ya Malagarasi-Muyovozi.

Mtazame anavyowinda. Husimama juu ya zulia la mimea inayoelea, mdomo ameuinamishia kifuani, na anaweza kukaa hivyo muda mrefu bila kutikisika. Hakuchagua mahali hapo kwa bahati. Maji ya kinamasi yaliyotulia na kujaa majani yanayooza yana hewa kidogo, kwa hiyo samaki hulazimika kupanda juu mara kwa mara kuvuta pumzi. Kamongo, chakula chake kikuu, ana mapafu na hawezi kuishi bila hewa ya juu. Kambare naye hupanda. Pua ya samaki ikigusa uso wa maji, korongo hujiangusha mzimamzima, mabawa wazi, akachota samaki, matope na majani kwa pamoja. Kisha hutikisa mdomo taratibu hadi majani yadondoke, na kingo zake kali hukata kichwa cha samaki kabla hajammeza.

Hutaga maji yanapopungua, kwa kawaida mayai mawili, na mara nyingi ni kinda mmoja tu anayekua. Jua likiwa kali, mzazi huchota maji kwa mdomo na kuyamwagia mayai ili yapoe. Mtu akisogelea kiota na kumfukuza mzazi, mayai yanabaki juani. Kwa hiyo mtazamaji anayejiheshimu hukaa mbali na darubini yake, alfajiri, jua likiwa mgongoni. Ndege akiinua kichwa na kukukazia macho, umeshafika karibu mno, rudi nyuma.

Hatari zake ni za wazi. Moto wa kiangazi huchoma mafunjo yenye viota. Ng'ombe huingizwa kinamasini malisho yanapokwisha. Huko juu, kilimo cha kwenye miteremko na kingo za vijito hushusha udongo hadi bondeni. Mkulima wa maharage wa Kasulu, asiyewahi kumwona korongo huyu, anashika uhai wake kwa jembe. Biashara nayo ilikuwepo: ndege hawa walikamatwa wazima na kuuzwa nje, hadi Serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016.

Uganda wana la kutufundisha. Katika kinamasi cha Mabamba, karibu na Entebbe, wavuvi walikuwa wakimuua korongo nyangumi wakiamini ana nuksi, kwamba ukimwona hupati samaki. Leo wavuvi walewale huwapeleka watalii kwa mitumbwi kumtazama, na hakuna anayemlinda kuliko wao. Kwetu, sehemu kubwa ya makao yake imo ndani ya Pori la Akiba Moyowosi, linalojulikana zaidi kwa uwindaji wa kitalii, na huingii bila kibali.

Halmashauri za Kibondo na Kasulu zikae na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori zitafute njia ya vijana wa vijiji vya kando kufundishwa kuongoza watazamaji wa ndege, na wanafunzi waingie kwa ada wanayoiweza. Nawe mwalimu wa sayansi, usingoje mpango huo. Agosti hii wapeleke wanafunzi wako kwenye bwawa au kijito kilicho karibu na shule, wahesabu ndege na kuandika tarehe. Rudieni mwaka unaofuata, mwezi uleule.