Je, Wajua? Kilo Zinazoondoka Polepole

Je, wajua mafuta ya mwili yakishaunguzwa huenda wapi? Wengi husema jasho, wengine choo. Jibu ni pumzi. Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown, watafiti wa Australia, walichapisha hesabu yake katika jarida la tiba la BMJ: mtu akiunguza kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 hutoka puani na mdomoni kama kaboni dioksidi, na kilo 1.6 zinazobaki hugeuka maji. Sehemu kubwa ya kitambi hupitia puani. Kwa hiyo usimwamini anayekuuzia mkanda wa kutoa jasho.

Je, wajua kwamba kilo mbili unazopoteza wiki ya kwanza ya kuacha ugali mara nyingi ni maji? Mwili huweka akiba ya wanga iitwayo glaikojeni, kiasi cha gramu 100 kwenye ini na gramu 400 hivi kwenye misuli, na kila gramu hushikilia takribani gramu 3 za maji. Ukipunguza wanga, akiba ile hutumika na maji yake hutoka kwa mkojo. Mizani inashuka, jirani anakusifia, moyo unachangamka. Wiki ya tatu mshale unagoma, na hapo ndipo wengi hurudi kwenye chapati wakiamini wameshindwa. Hawajashindwa. Maji yamekwisha na zamu ya mafuta ndiyo imeanza, na mafuta hayana haraka: kilo moja ina takribani kalori 7,700. Mwenye afya kamili akipunguza kalori 500 kila siku hupoteza kama nusu kilo kwa wiki. Mwenye tezi ya shingo inayosuasua, goti bovu na vidonge vya kila siku anaweza kufanya yale yale akaambulia robo kilo, na robo kilo hiyo ameihangaikia kuliko yeyote.

Je, wajua kwamba aliyeifanya dayati ya wanga kidogo ijulikane duniani alikuwa msimamizi wa mazishi? William Banting wa London alitoka katika ukoo uliosimamia hata maziko ya kifalme. Alikuwa mfupi, futi 5 na inchi 5, na Agosti 1862 alikuwa na uzito wa ratili 202, yaani kilo 92 hivi. Hakuweza kuinama akafunga kamba za viatu. Ngazi alizishuka kinyumenyume, taratibu, ili magoti na vifundo vya miguu visiumie. Alishajaribu kupiga makasia katika mto Thames. Akapata nguvu, akapata na njaa kubwa zaidi. Alijaribu kupanda farasi na mabafu ya mvuke. Mwishowe masikio yalianza kuziba, akaenda kwa daktari wa masikio, William Harvey, ambaye alikuwa amewahi kusikiliza mihadhara ya Claude Bernard huko Paris kuhusu ini na sukari. Harvey akamwachisha mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Aliruhusiwa nyama, samaki, mboga, matunda kidogo na kipande cha mkate mkavu. Baada ya mwaka alikuwa amepungua ratili 46, sawa na kilo 21, na kiuno kilikuwa kimepungua inchi 12 na robo. Gawa kwa wiki 52: haifiki nusu kilo kwa wiki.

Mwaka 1863 alichapisha kijitabu kwa fedha zake mwenyewe akakigawa bure, kwa kuwa alitaka wanene wenzake wapate nafuu aliyoipata yeye. Alifariki mwaka 1878 akiwa na miaka 81. Kwa Kiswidi mpaka leo kupunguza mwili ni "banta", na Afrika Kusini ulaji huu huitwa Banting, hasa tangu Profesa Tim Noakes na wenzake watoe kitabu chao mwaka 2013.

Mimi kinachonigusa zaidi ni zile ngazi. Je, wajua kwamba kwa mwenye goti lililolika, kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa kilo 4 kwa kila hatua? Utafiti huo ulifanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2005. Kilo 3, ambazo ndugu hata hawazioni usoni pako, ni kilo 12 pungufu kila unapokanyaga chini. Anayepanda daladala kwa kushikilia mlango kwa mikono miwili atakwambia maana yake.

Je, wajua kwamba lugha yetu yenyewe inaonyesha sahani ilivyopangwa? Samaki, nyama na maharage huitwa kitoweo au mboga, yaani kitu cha kulia ugali au wali. Wanga ndio mlo, vingine ni kisindikizo. Anayepunguza wanga hubadilisha zamu: kitoweo kinakuwa mlo, ugali unabaki tonge la ukubwa wa ngumi pembeni.

Wanga kidogo ni kiasi gani? Wataalamu wengi huita hivyo ulaji wa chini ya gramu 130 kwa siku. Ule mkali wa keto hushuka hadi gramu 20 mpaka 50. Robo kilo ya unga wa mahindi, kabla ya kusongwa, ina gramu 190 hivi. Na dona isikudanganye: ina nyuzinyuzi na virutubisho kuliko sembe, ila wanga wake haupishani sana.

Je, wajua kwamba muhogo na kisamvu ni mmea mmoja? Gramu 100 za muhogo wa kuchemsha zina wanga karibu gramu 38; majani yake yana kidogo tu. Kiazi kitamu na matembele ni hivyo hivyo. Wanga umejificha chini ya udongo, na majani juani yamebaki mepesi. Ongeza mchicha, bamia, biringanya, nyanya chungu, mayai, dagaa, pweza, samaki wa kupaka, na parachichi ambalo wanga wake mwingi ni nyuzinyuzi. Sioni kwa nini mtu wa Tanga au Lamu ahangaike kutafuta unga wa lozi wa ng'ambo kwa bei ya kilo tatu za samaki. Maharage yana wanga, gramu 20 na kitu kwa kila gramu 100 za kuchemsha, lakini yana protini na nyuzinyuzi pia; asiyemudu nyama kila siku asiyaache, ayapime kwa kikombe.

Chai nayo. Vikombe 4 kwa siku, vijiko 3 vya sukari kila kikombe, kijiko cha gramu 4: gramu 48. Kwa mwaka ni kilo 17 na nusu za sukari. Hiyo ni kwa kijiko kilichosawazishwa, nami sijaona nyumba inayosawazisha kijiko. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo ni gramu 25 hivi. Kama utafanya jambo moja tu baada ya kusoma safu hii, anza na kikombe.

Je, wajua kwamba wanga kidogo na mafuta kidogo zilipopimwa zilitoka karibu sare? Chuo Kikuu cha Stanford, chini ya Christopher Gardner, kiliwafuatilia watu 609 kwa miezi 12 na kutoa matokeo mwaka 2018. Wa wanga kidogo walipungua wastani wa kilo 6.0, wa mafuta kidogo kilo 5.3, tofauti isiyo na uzito kitakwimu. Katika kila kundi walikuwamo waliopungua karibu kilo 30 na walioongezeka karibu kilo 10. Makundi yote mawili yaliambiwa yaache sukari na unga mweupe, yale mboga kwa wingi. Nakueleza haya ingawa mimi napenda njia ya wanga kidogo, kwa sababu inashibisha: yai na samaki humweka mtu hadi saa nane mchana, andazi halimfikishi saa nne. Lakini asikutishe mtu kwamba hakuna njia nyingine.

Nalo hili lisemwe wazi: kwenda polepole hakukulindi peke yake. Watafiti wa Melbourne mwaka 2014 walilinganisha waliopungua kwa wiki 12 na waliopungua kwa wiki 36. Karibu miaka mitatu baadaye makundi yote mawili yalikuwa yamerudisha takribani asilimia 71 ya kilo zilizopotea. Faida ya mwendo wa taratibu iko kwingine. Ukipoteza zaidi ya kilo 1.5 kwa wiki, hatari ya kupata mawe kwenye mfuko wa nyongo hupanda. Na mwenye maradhi anahitaji muda ili dawa zake zirekebishwe kadiri mwili unavyobadilika.

Hapo kwenye dawa, msomaji wangu, punguza kasi ya kusoma.

Je, wajua kwamba mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, glibenklamidi au gliklazidi akikata wanga bila kupunguziwa dozi, sukari inaweza kuanguka siku hiyo hiyo? Jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Dozi inatakiwa ibadilike pamoja na sahani, na wa kuibadilisha ni daktari. Metformini ikiwa peke yake mara chache huleta hatari hiyo. Dapagliflozini na empagliflozini, nazo dawa za kisukari, zina hatari ya namna nyingine: zikichanganyika na ulaji wa wanga mdogo sana, damu inaweza kujaa asidi ya ketoni huku kipimo cha sukari kikionyesha kawaida. Kutapika, tumbo kuuma na kuhema kwa nguvu ni safari ya hospitali, usisubiri asubuhi.

Mwenye vidonge vya presha naye ajue kwamba maji na chumvi vinavyotoka wiki za mwanzo vinaweza kuishusha mno. Ukisimama ukaona giza, kapime. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze nyama kabla ya kuuliza. Mjamzito na anayenyonyesha wasijaribu keto.

Je, wajua kwamba dawa yenyewe inaweza kuwa ndiyo inayoongeza kilo? Prednisoloni, insulini, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, amitriptilini na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili zote zinajulikana kwa hilo. Hata dolutegraviri, iliyomo katika kidonge cha ARV kinachotumika sana Afrika Mashariki, ilionekana katika utafiti wa Afrika Kusini uliotolewa mwaka 2019 kuambatana na ongezeko la uzito, zaidi kwa wanawake. Asiache mtu dawa kwa ajili ya mizani hata siku moja. Ila anayo haki ya kuuliza kama kuna mbadala, na anayo haki ya kutoitwa mlafi.

Shangazi yangu alipewa ushauri wa "punguza kula" kwa miaka miwili, kliniki hadi kliniki, kabla mtu hajamwandikia kipimo cha tezi ya shingo. Alikuwa anakula mara mbili kwa siku. Alikuwa anasikia baridi Dar es Salaam mwezi wa pili, nywele zinakatika, usingizi haumwishi. Kipimo hicho, kiitwacho TSH, kilipotoka, kila mtu alinyamaza. Tezi ikilegea huongeza kilo chache tu, kwa kawaida 2 hadi 5, nyingi zikiwa maji na chumvi, lakini humwondolea mtu nguvu ya kuhangaika na zilizobaki. Wanawake wenye PCOS, ile hali ya homoni inayovuruga hedhi na kuotesha ndevu, nao wako njia moja: Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kuwa ni asilimia 8 hadi 13 ya walio katika umri wa kuzaa, na wengi hawajawahi kuambiwa wanayo.

Je, wajua kwamba faida huanza mapema sana? Nchini Marekani watu 3,234 waliokuwa wakikaribia kisukari walifuatiliwa kwa karibu miaka mitatu, na matokeo yakatolewa mwaka 2002. Waliowekewa lengo la kupungua asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58. Waliopewa metformini, kwa asilimia 31. Mpango ule ulipunguza mafuta, haukuwa wa wanga kidogo. Ninachokuonyesha ni hiyo asilimia 7: kwa mtu wa kilo 90 ni kilo 6 na kitu.

Je, wajua kwamba unaweza kujipima bila mizani? Chukua uzi wenye urefu wako, toka utosini hadi kisiginoni. Ukunje katikati. Uzungushe kiunoni, usawa wa juu kidogo ya kitovu, bila kubana tumbo. Ncha zikikutana, uko pazuri. Miongozo ya tiba ya Uingereza tangu mwaka 2022 inasema vivyo hivyo: kiuno kiwe chini ya nusu ya kimo. Uzi haujali sana maji ya wiki ya kwanza, wala chumvi ya jana, wala siku za hedhi.

Uzi wa shangazi ni wa nailoni, mweupe uliofifia, unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake. Mara ya kwanza ncha ziliachana shibiri nzima. Anatumia kidonge cha tezi alfajiri, kabla ya chai isiyo na sukari. Mchana anakula matembele na samaki, na ugali wa ngumi moja. Miezi kumi na minne, kilo saba. Jumapili iliyopita aliniita, "Mwanangu, njoo unipimie." Nikaweka vidole kwenye nafasi iliyobaki: saba. Akaurudisha uzi kwenye msumari wake, akaenda kuchambua mchicha.