Mpaka wa Namanga na rafu zilizokuwa tupu

MSAFIRI atokaye Kitengela kuelekea kusini hupita Isinya na Kajiado mjini kabla ya kufika Namanga. Pande zote mbili za mpaka huishi Wamaasai wa ukoo mmoja. Hata hivyo, tangu Tanzania ilipotoa Azimio la Arusha mwaka wa 1967, wafugaji hao waliishi chini ya mifumo miwili ya uchumi iliyokinzana.

Tanzania ilitaifisha benki na kampuni kubwa, na tangu 1973 Tume ya Bei ikawa ndiyo iliyopanga bei za bidhaa. Nia ilikuwa njema: mnyonge asipunjwe. Lakini bei ikiwekwa chini ya gharama, kiwanda hupunguza kazi na mwenye duka huficha mali. Vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta viliongeza dhiki, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni na sukari zilikuwa adimu. Mpaka ulifungwa kuanzia 1977 hadi 1983, ila ng'ombe walivushwa kwa magendo kuja Kenya kufuata bei nzuri, nazo bidhaa za dukani zikaelekea kusini.

Waziri Mkuu Edward Sokoine, mwenyewe Mmaasai wa Monduli, aliongoza msako wa wahujumu uchumi mwaka wa 1983. Rafu hazikujaa. Zilianza kujaa baada ya serikali kulegeza masharti ya kuagiza bidhaa mwaka uliofuata.

Kajiado nayo haikuwa peponi. Bei ya nyama ilidhibitiwa na serikali hadi miaka ya 1980, na katika kufundisha watu wazima kusoma, Tanzania ilitupiku, tupende tusipende.

Kisha ardhi yenyewe ikaingia sokoni. Ranchi za vikundi, zilizoundwa chini ya sheria ya 1968, ziligawanywa kuwa hati za mtu mmoja mmoja. Kitengela, iliyokuwa malisho, ilikuwa na wakazi zaidi ya 150,000 katika sensa ya 2019. Aliyeuza mapema kwa bei ya kutupa hana shamba wala zizi, ilhali jirani yake aliyesubiri hukusanya kodi ya nyumba. Pato la wastani huwahesabu wote wawili kuwa wameendelea.

Aliyebaki na mifugo hukuta nyua za waya kila upande, na wakati wa kiangazi huvuka mpaka. Mwaka wa 2017, serikali ya Tanzania ilipiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 waliotoka Kajiado kutafuta nyasi.