Chopin: Mtunzi wa piano aliyerudi nyumbani moyo tu

MFANYABIASHARA aliyewahi kulala mpakani akisubiri mzigo wake utolewe forodhani ataielewa habari hii vizuri, pengine kuliko hata maprofesa wa muziki.

Mwishoni mwa mwaka 1838, mtunzi wa muziki Frédéric Chopin alikuwa katika kisiwa cha Majorca, Hispania, akisubiri piano yake. Ilikuwa imetengenezwa Paris na kampuni ya Pleyel na kusafirishwa kwa meli. Ilipofika Palma, maofisa wa forodha waliizuia na kudai ushuru mkubwa kupita kiasi. Mabishano yaliendelea kwa wiki kadhaa. Hatimaye ikatolewa Januari 1839, wakati Chopin alikuwa amebakiza takriban mwezi mmoja tu kuondoka. Alipoondoka hakuweza kurudi nayo. Iliuzwa hapohapo Palma.

Katika wiki hizo zote za kusubiri alipiga piano mbovu ya palepale kisiwani. Alikuwa akikohoa damu. Mwenye nyumba aliposikia kwamba mpangaji wake ana kifua kikuu alimtaka ahame, na Chopin akahamia katika vyumba vya monasteri ya zamani huko Valldemossa, milimani, pamoja na mwandishi George Sand na watoto wake wawili. Katika baridi hiyo ndimo alimokamilisha tungo 24 fupi za piano zinazoitwa preludi. Baadhi hazimalizi hata dakika moja.

Tone la mvua

Sand alisimulia baadaye kwamba siku moja yeye na mwanawe walichelewa kurudi kutoka mjini kwa sababu ya mvua na mafuriko. Walipofika usiku walimkuta Chopin kwenye piano akilia. Alikuwa amejiaminisha kwamba wamekufa. Alisema alijiona amezama ziwani, na matone mazito ya maji baridi yakimdondokea kifuani.

Sand alipomwonyesha kwamba ni matone ya mvua yaliyokuwa yakigonga paa, Chopin alikasirika. Hakupenda kuambiwa kwamba ameiga mvua. Wengi leo huihusisha simulizi hiyo na preludi ya 15. Ukiisikiliza utakuta sauti moja inayorudiwa kutoka mwanzo hadi karibu na mwisho. Mwanzoni ni laini, kama mvua ya alasiri. Katikati, sauti ileile inakuwa nzito na ya kutisha. Kisha wingu linapita.

Hapo ndipo penye siri ya muziki wake. Chopin alichukia majina ya kupamba ambayo wachapishaji walibandika kwenye kazi zake. Yeye aliandika namba tu. Alichoweka ndani hakikuwa picha ya mvua. Ilikuwa ni hali ya mtu anayewasubiri watu wake na hajui kama wako hai. Msomaji aliyepitia kambini hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Aliondoka asirudi tena

Chopin alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Żelazowa Wola, karibu na Warsaw. Mama yake alikuwa Mpoland. Baba yake alikuwa Mfaransa aliyehamia Poland akiwa kijana na hakurudi tena kwao. Wakati huo Poland haikuwa nchi huru. Ilikuwa imegawanywa kati ya Urusi, Prussia na Austria, na mwaka 1795 ilifutwa kabisa kwenye ramani. Warsaw ya Chopin ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi.

Novemba 2, 1830, akiwa na umri wa miaka 20, aliondoka Warsaw kwenda kutafuta maisha. Hakufukuzwa. Alikwenda Vienna kama kijana yeyote anavyokwenda mjini. Wiki nne hazijaisha, Novemba 29, Wapoland waliasi dhidi ya Warusi. Rafiki aliyesafiri naye akarudi kupigana. Chopin alibaki.

Usiku wa Krismasi ulimkuta peke yake katika kanisa kuu la Mtakatifu Stefano, amesimama kwenye kona yenye giza. Aliieleza hali hiyo katika barua. Katika skerzo yake ya kwanza, utungo uliojaa ghadhabu, ghafla kelele zinanyamaza na unasikika wimbo wa Krismasi wa Kipoland, ule wa kumbembeleza Mtoto Yesu alale. Halafu ghadhabu inarudi na kuufunika.

Septemba 1831 alikuwa Stuttgart, njiani kwenda Paris, alipopata habari kwamba Warsaw imetekwa. Katika daftari lake alimlilia Mungu na kuwawazia wazazi na dada zake wameuawa, huku yeye amekaa na piano mikono mitupu. Inasimuliwa kwamba utungo wake wa mazoezi uitwao wa “Mapinduzi”, ambamo mkono wa kushoto unakimbia kama moto wa nyikani, ulitokana na habari hizo. Jina hilo si lake, lakini hasira iliyomo haihitaji jina.

Hati yake ya kusafiria iliandikwa kwamba anapita tu Paris akielekea London. Katika “kupita” huko alikaa miaka 18. Hakutaka kujiandikisha katika ubalozi wa Urusi, na kwa uamuzi huo alijifungia mlango wa kurudi. Mwaka 1835 alipata uraia wa Ufaransa. Mwaka huohuo alikutana na wazazi wake Karlsbad, mji wa Austria wakati huo, nchi ambayo haikuwa yake wala yao. Hakuwaona tena baada ya hapo.

Ngoma za kijijini

Mtu aliyenyimwa nchi anaweza kubeba nini? Chopin alibeba ngoma. Alipokuwa na miaka 14 na 15 alitumia likizo zake kijijini Szafarnia, akisikiliza wanakijiji wakicheza na kuimba. Ngoma moja iliitwa mazurka. Ina mapigo matatu, na mkazo hupenda kuangukia pigo la pili au la tatu badala ya la kwanza, hivyo mgeni hujikwaa akijaribu kuicheza.

Akiwa Paris, alikofundisha watoto wa matajiri, aliendelea kutunga mazurka hadi mwisho wa maisha yake. Zinazidi 50. Hazikukusudiwa kuchezwa. Ni kumbukumbu ya ngoma, na mara nyingi furaha yake inageuka huzuni kabla hujajua imegeukia wapi. Mtunzi wa Kijerumani Robert Schumann alizifananisha kazi za Chopin na mizinga iliyofichwa ndani ya maua, akisema mfalme wa Urusi angejua hatari iliyomo katika mazurka angezipiga marufuku.

Hata asiyejua jina la Chopin huenda amekwishamsikia msibani. Maandamano ya mazishi yaliyomo katika sonata yake ya pili hupigwa na bendi za tarumbeta duniani kote. Yalipigwa katika mazishi ya Rais John Kennedy wa Marekani mwaka 1963. Mwaka 1849 yalikuwa yamepigwa katika mazishi ya mtunzi mwenyewe.

Alifariki Paris Oktoba 17, 1849, akiwa na miaka 39. Mwili wake ulizikwa katika makaburi ya Père Lachaise. Lakini kwa matakwa yake moyo ulitolewa na kuhifadhiwa katika chupa yenye kileo. Dada yake mkubwa, Ludwika, akauvusha mipaka hadi Warsaw. Inasimuliwa kwamba aliuficha ndani ya nguo zake ili walinzi wa mpakani wasiuone. Leo umo ndani ya nguzo ya Kanisa la Msalaba Mtakatifu.

Muziki uliopigwa marufuku

Septemba 1863, baada ya jaribio la kumuua gavana wa Kirusi mjini Warsaw, askari walivamia jumba ambamo dada mwingine wa Chopin alikuwa akiishi. Piano aliyoitumia mtunzi ujanani ilitupwa kupitia dirishani hadi barabarani.

Wanazi walipoikalia Poland walipiga marufuku muziki wake, na mwaka 1940 wakabomoa sanamu yake. Septemba 23, 1939, Władysław Szpilman alikuwa akipiga Chopin katika redio ya Warsaw huku mabomu yakianguka, kabla ya redio hiyo kunyamazishwa. Szpilman, ambaye alikuwa Myahudi, alipoteza familia yake yote. Mwaka 1944 alikuwa amejificha katika magofu wakati ofisa wa Kijerumani alipomkuta na kumtaka apige piano iliyokuwapo. Alipiga nokturni, yaani utungo wa usiku, ambayo Chopin aliitunga mwaka 1830 kwa ajili ya Ludwika, dada yuleyule aliyeubeba moyo. Ofisa huyo, Wilm Hosenfeld, alimletea chakula na kumwokoa. Habari zake zilitengenezewa filamu mwaka 2002.

Vita hivyo viliwafikisha Wapoland hata huku kwetu. Kuanzia mwaka 1942, maelfu ya watu waliokuwa wamepelekwa kwa nguvu Siberia walifika Afrika Mashariki kupitia Iran, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Tengeru, karibu na Arusha, ilipokea karibu 5,000. Wengine walikaa Masindi na Koja, Uganda. Wengi hawakurudi makwao, kwa kuwa vita vilipokwisha vijiji vyao vilikuwa ndani ya mipaka ya Umoja wa Kisovieti. Makaburi yao Tengeru na kanisa walilojenga karibu na Masindi vipo hadi leo.

Mara nyingi tunahesabu waliorejea kwa malori na mabasi yaliyovuka daraja. Hatuhesabu waliorudi nusu: aliyerudi lakini watoto wake wakabaki na uraia wa ugenini, au mzee anayeimba nyimbo za kijiji ambacho hakipo tena. Chopin alikuwa mmoja wao. Mwili uko Paris, moyo uko Warsaw, na kilichobaki kati ya miji hiyo miwili ni muziki wa mtu mmoja na piano moja.

Ukiusikia usiku redioni, usiharakishe kubadili stesheni. Huenda unamsikiliza mtu aliyepitia njia uliyopitia wewe.