Mwanafunzi na kompyuta ya mtumba: yaliyofichika nyuma ya kibandiko

Kila mwaka, muhula mpya unapokaribia, barabara za Wandegeya, mtaa unaopakana na Chuo Kikuu cha Makerere jijini Kampala, hupokea sura mpya. Ni wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaotafuta chumba, godoro, na siku hizi kompyuta mpakato. Wengi huongozana na mzazi au mjomba aliyeshika fedha. Fedha hizo pengine zimetokana na kahawa iliyouzwa, ng'ombe aliyepelekwa mnadani au mchango wa ukoo mzima, na hazitapatikana tena mwaka ujao. Kwa familia iliyotoka Arua au Koboko, safari ya zaidi ya kilomita 450, kurudi dukani wiki ya pili kudai kubadilishiwa mashine iliyozimika si jambo jepesi.

Kompyuta haikuwa na uzito huu zamani. Mwanafunzi aliweza kumaliza shahada kwa daftari, maktaba na foleni ya maabara ya kompyuta ya kitivo. Vyuo vilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19, masomo yalihamia kwenye mtandao, na hata milango ilipofunguliwa, sehemu ya kazi ilibaki huko huko. Simu ya mkononi husaidia kusoma na kufuatilia mihadhara, lakini anayejaribu kuandika tasnifu ya kurasa sitini kwa kidole gumba hujuta mapema.

Basi mnunuzi huingia dukani, na mbele yake zimepangwa kompyuta za aina mbili. Upande mmoja zipo mpya, ndani ya maboksi yake, zenye rangi za kupendeza. Upande wa pili zipo zilizotumika: Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad. Hizi za pili zina historia. Makampuni na ofisi za Ulaya na Marekani huwapa wafanyakazi wao kompyuta kwa miaka mitatu hadi mitano, kisha huzibadilisha zote kwa pamoja. Zilizotolewa hununuliwa kwa jumla na wafanyabiashara, husafishwa, na kusafirishwa kwenda masoko mengine, Afrika Mashariki ikiwamo. Mara nyingine asili yake husomeka kwenye kibodi: herufi Z iliyokaa mahali pa Y ni ishara kwamba mashine ilizaliwa kwa ajili ya Ujerumani, na herufi A iliyochukua nafasi ya Q ni ya Kifaransa. Wauzaji hubandika vijikaratasi vya herufi juu yake, navyo hubanduka kabla ya muhula kwisha.

Si aibu kununua mtumba. Kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili ya ofisi mara nyingi ina mwili imara, bawaba zisizolegea upesi, na vipuri ambavyo fundi huvipata bila shida. Kwa fedha zile zile, mashine nzuri iliyotumika huweza kuishinda mpya ya bei ya chini, tena kwa mbali. Tatizo ni kwamba katika meza moja zimewekwa mashine zenye miaka mingi ya kazi mbele yake na nyingine ambazo muda wake rasmi umekwisha, na kwa macho zinafanana kama mapacha.

Tofauti hiyo inahusiana na tarehe moja. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows 10, programu endeshi iliyoanza kutumika mwaka 2015. Kompyuta yenye Windows 10 haikuzimika siku hiyo, na haitazimika. Kilichokoma ni masasisho ya bure ya usalama, yale yanayoziba mianya ambayo wahalifu wa mtandaoni huitumia kuiba nywila na kufunga mafaili ya watu. Microsoft ilitoa muda wa nyongeza kwa watumiaji wa kawaida wanaojiandikisha, lakini nao una mwisho, tarehe 13 Oktoba 2026. Mwanafunzi anayeanza shahada ya miaka mitatu au minne anahitaji mashine itakayovuka tarehe hiyo.

Njia iliyo wazi ni kuhamia Windows 11, na hapo ndipo mlango mwembamba ulipo. Microsoft iliweka masharti: kompyuta iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM, toleo la 2.0, na iwe na kichakataji kilichomo katika orodha yake. Kwa vichakataji vya Intel Core, orodha hiyo, ukiacha vighairi vichache, huanzia kizazi cha nane, kilichoingia sokoni mwaka 2017. Kizazi cha saba na vilivyotangulia vimeachwa nje. Ndiyo maana ofisi nyingi za ng'ambo zimekuwa na sababu ya ziada ya kuondoa mashine zake za zamani, nazo zinapoondolewa huko hutafuta mnunuzi kwingineko.

Kizazi cha kichakataji hakijulikani kwa kuangalia kibandiko kinachong'aa karibu na kibodi. Hujulikana kwa namba kamili, ambayo huonekana kompyuta ikiwashwa na kufunguliwa sehemu ya mipangilio inayoeleza habari za mfumo. Namba huandikwa kwa mfano i5-8250U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari, yaani 8, ndiyo kizazi. Ikiwa i5-7200U, ni kizazi cha saba. Kuanzia kizazi cha kumi tarakimu huwa mbili: i5-1135G7 ni kizazi cha kumi na moja. Vichakataji vya AMD vina majina yanayochanganya zaidi, na mwenye mashine ya aina hiyo ni bora atafute jina lake kamili katika orodha ya Microsoft, akiwa bado dukani na simu mkononi, kuliko kukisia.

Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Muuzaji hutamka "hii ni i7" kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala, na mzazi, akijua kwamba saba ni kubwa kuliko tano, huongeza fedha. Lakini i7-7500U ina viini viwili tu vya kufanyia kazi, ilhali i5-8250U, iliyotoka baada yake, ina vinne. Mashine yenye jina dogo ndiyo yenye nguvu zaidi, na ndiyo inayokubaliwa na Windows 11. Aliyenunua jina amelipa zaidi kwa kupata pungufu.

Kuna pia mafundi wanaoweza kuingiza Windows 11 kwenye kompyuta isiyotimiza masharti kwa kuruka ukaguzi wake. Mashine huwaka vizuri, na mnunuzi huona maandishi "Windows 11" akaridhika. Microsoft imesema kwamba kompyuta za namna hiyo hazina uhakika wa kupokea masasisho. Kwa hiyo kuwapo kwa Windows 11 kwenye skrini hakuthibitishi chochote. Namba ya kichakataji ndiyo shahidi.

Je, mashine ya kizazi cha sita au cha saba haifai kabisa? Hapana. Kwa anayebanwa na fedha, ikiuzwa kwa bei inayolingana na umri wake, inaweza kuendeshwa kwa Linux, kwa mfano Ubuntu au Linux Mint, ambazo ni za bure na huendelea kupata masasisho. LibreOffice huandika insha na kupiga hesabu za majedwali vizuri tu. Anayechagua njia hiyo ajue mapema kwamba baadhi ya programu za kozi hazitafanya kazi humo. Kosa ni kulipia mashine ya zamani bei ya mashine ya kisasa.

Mnunuzi anayeogopa mtumba naye hukutana na hatari ya pili, ile ya upya usio na kitu ndani. Baadhi ya kompyuta mpya za bei ya chini zina kichakataji cha Celeron, kumbukumbu ya RAM ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64. Hivyo hasa ndivyo viwango vya chini kabisa ambavyo Microsoft imeviweka kwa Windows 11, na mfumo wenyewe pamoja na masasisho yake humeza sehemu kubwa ya nafasi hiyo. Mara nyingi RAM na hifadhi zimeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi kuu, hivyo fundi hawezi kuongeza. Mwanafunzi hufungua kurasa tano za intaneti pamoja na waraka mmoja, kisha hukaa akitazama duara likizunguka.

Kwa mwaka huu na ijayo, RAM ya gigabaiti 8 ndiyo ya kuanzia, na diski iwe ya SSD, walau gigabaiti 256. Diski za zamani zenye sahani inayozunguka huchelewesha kila kitu, na huumia upesi zinapotikiswa nyuma ya bodaboda. Kwenye Windows, kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja hufungua ukurasa unaoonyesha ukubwa wa RAM na aina ya diski. Ni kazi ya nusu dakika.

Betri inahitaji uvumilivu zaidi, na ndipo wanunuzi wengi hudanganyika bila hata muuzaji kusema uongo. Kompyuta huonyeshwa ikiwa imechomekwa kwenye umeme, na alama ya betri husoma asilimia 100. Asilimia hiyo ni ya uwezo uliobaki leo, si ya uwezo wa siku ilipotengenezwa. Betri za lithiamu huchakaa kwa kila mzunguko wa kujazwa na kuisha. Ukweli hupatikana kwa kufungua dirisha la amri, kuandika powercfg /batteryreport na kusoma ripoti inayotolewa. Humo mna namba mbili: uwezo wa asili na uwezo wa sasa betri ikijaa. Ikiwa wa asili ni miliwati-saa 50,000 na wa sasa ni 30,000, betri imebakiwa na asilimia 60. Kwa kazi nyepesi inayotumia takriban wati 10, ni saa tatu badala ya tano.

Kwa mwanafunzi anayeishi karibu na maktaba yenye soketi kila meza, saa tatu zinatosha. Kwa anayerudi nyumbani likizoni mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, hesabu ni nyingine. Wakazi wa West Nile, eneo lililoishi kwa miaka mingi nje ya gridi ya taifa likitegemea jenereta na bwawa dogo la Nyagak, hawahitaji kuelezwa jambo hilo. Betri ya kubadilisha ipo madukani, lakini gharama yake inapaswa kutolewa katika bei wakati wa mapatano.

Chaja nayo ichunguzwe. Kompyuta za Dell, kwa mfano, huitambua chaja kupitia pini ndogo ya katikati. Ikiwa chaja haitambuliki, mashine inaweza kuwaka huku betri ikikataa kujaa. Mashine zinazopokea umeme kupitia tundu la USB-C zina nafuu kubwa, kwa kuwa chaja ikipotea, ya jirani yenye wati za kutosha huweza kuokoa usiku wa kuamkia mtihani.

Jambo jingine ambalo halionekani kwa macho ni kufuli. Kompyuta iliyokuwa mali ya kampuni yaweza kuwa bado imesajiliwa katika mfumo wa kampuni hiyo. Inafanya kazi vizuri hadi siku itakapofutwa na kuanzishwa upya, ndipo inapojiunga na intaneti na kudai barua pepe na nywila ya mwajiri aliyeko Ulaya. Kompyuta za Apple nazo hubaki zimefungwa ikiwa mwenye awali hakuondoa akaunti yake. Wengine hukuta nywila kwenye mipangilio ya ndani kabisa, ile inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Njia ya kujihakikishia ni kumwomba muuzaji aianzishe mashine upya mbele ya mnunuzi, ikiwa imeunganishwa na intaneti. Kazi hiyo huchukua muda, na muuzaji anaweza kununa. Akikataa kabisa, maduka ni mengi.

Kabla ya hayo yote, hata hivyo, swali la kwanza si la dukani bali la idarani: kozi inatumia programu gani? Anayesomea sheria, ualimu au fasihi anahitaji kibodi nzuri na skrini isiyochosha macho, na mashine iliyoelezwa hapo juu inamtosha. Anayesomea uhandisi au usanifu majengo atakutana na AutoCAD, ambayo Autodesk huitoa bure kwa wanafunzi wanaothibitishwa, lakini hupumua vizuri zaidi kwenye RAM ya gigabaiti 16. Mwanafunzi wa jiografia anayetumia ArcGIS Pro anahitaji Windows, na kompyuta ya Apple, hata iwe ghali kiasi gani, itampa usumbufu. Wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu huyajua haya kuliko muuzaji yeyote, na kuwauliza ni bure.

Wakishakubaliana bei, mnunuzi adai risiti yenye jina la duka, muda wa dhamana na namba ya utambulisho ya mashine, ile iliyoandikwa chini ya kompyuta, na aihakiki kwamba inalingana na inayoonekana kwenye mfumo. Risiti hiyo ndiyo itakayomsaidia ikiwa mashine itaharibika ndani ya muda wa dhamana, na ndiyo atakayopeleka polisi ikiwa itaibwa hosteli. Nakala yake ipigwe picha na kutumwa kwa mzazi kabla ya kuondoka dukani.