Ile "udongo" ya bangili za rangi ni plastiki, na mbabula haijui kuipika

Kwenye soko za Goma, Bukavu ao Bunia si nguvu kuziona: bangili za vishanga vidogo, vyembamba kama vifungo vya shati, rangi nane ao kumi kwenye elastiki moja. Wasichana wa masomo wanavaa tatu tatu. Wauzaji wengi wanaziita bangili za udongo. Na tangu video za kazi hii zianze kuzunguka kwenye simu, kuko vijana wenye wanajiuliza: kama ni udongo, na udongo iko hapa kwetu, juu ya nini tununue yenye inatoka mbali?

Jibu ni kwamba haiko udongo. Ni plastiki laini yenye mutu anaikanda kwa mikono sawa unga wa mandazi, anaitengeneza vile anataka, kisha anaipika kwenye furu, na inakuwa ngumu. Wafransa wanaiita "pâte polymère", na hilo jina ni la kweli zaidi. Kutojua hilo jambo moja kunaweza kumupotezea mutu makuta, na kunaweza kuwapa watoto wa nyumba kifua kibaya.

Ndani ya ile pate kuko unga wa PVC, ile plastiki yenye inatengeneza tiyo za maji. Peke yake, PVC ni ngumu. Ili ikuwe laini, kiwanda kinaichanganya na mafuta ya kulainisha, kinaongeza rangi, na vumbi nyeupe ya madini ya kuipa uzito. Ule unga na yale mafuta vinakaa pamoja lakini havijashikana. Joto njo inavishikanisha: chembe za PVC zinakunywa mafuta, zinavimba, zinaungana kuwa kitu kimoja. Udongo wa mufinyanzi unakauka kwanza kwa kupoteza maji, kisha moto mukali unaugeuza. Hii pate haina maji ya kupoteza. Unaweza kuiacha inje mwezi muzima kwenye kivuli, itabaki laini.

Historia yake inaanzia Ujerumani, mbele ya vita ya pili ya dunia. Mama mumoja mwenye kutengeneza midoli, Käthe Kruse, alikuwa anatafuta kitu cha kufanyia vichwa vya midoli wakati vifaa vilianza kukosekana. Ile pate ya plastiki haikumufaa kwa kiwanda chake, lakini binti yake, mwenye nyumbani walimuita Fifi, aliishika na kuiuza kwa ajili ya watu wa kazi za mikono. Katika miaka ya 1960 kampuni Eberhard Faber iliichukua, na mupaka leo inauzwa kwa jina FIMO. Marekani nao wakatoa yao, Sculpey, katika ile miaka. Ingine yenye inajulikana sana, Cernit, inatengenezwa Ubelgiji. Siku hizi China inatoa mingi kupita wote, na vile vishanga vyembamba vya sokoni mingi vinakatwa kule kwa mashini.

Sasa, kitu cha lazima: joto. FIMO inaomba digri 110 kwa nusu saa. Cernit, kati ya 110 na 130. Aina zingine za Sculpey zinafika 130 na kitu. Kila pakiti imeandikwa yake, na mutu anapashwa kufuata ile ya pakiti yake, hapana ile ya video. Chini ya pale, zile chembe haziungani vizuri: ushanga unaonekana muzuri, una rangi, lakini ukianguka kwenye sima unapasuka kama biskuti. Juu ya pale, rangi inaanza kuwa kahawia. Na kama joto inaendelea kupanda, kupita 170 hivi, PVC yenyewe inaanza kuvunjika na kutoa moshi wa asidi. Ule moshi unachoma macho na koo, na kwa mutoto mwenye asima si mambo ya kucheka.

Kwa hiyo kati ya kupika na kuunguza kuko nafasi ndogo sana. Hapa njo wengi wanaangukia.

Mawazo ya kwanza ya mutu wa kwetu ni mbabula. Makala iko, sufuria iko, mutu anaweka muchanga ndani ya sufuria, anafunika, anangoja. Lakini makala yenye kuwaka vizuri inapita digri mia kazaa, na sufuria kavu juu yake haina kitu cha kuizuia kupanda. Upande wa chini unaungua wakati upande wa juu bado mubichi. Mutu anafungua kifuniko kwa kuangalia, na ule moshi wote unamupiga uso. Na mbabula mara mingi iko ndani ya nyumba ao kwenye baraza yenye watoto wanachezea.

Mawazo ya pili: kuchemsha kwa maji. Inaonekana ya akili, juu maji yanayochemka hayapandi zaidi. Kule chini, pembeni ya bahari, yanachemka kwa digri 100. Lakini Goma na Bukavu ziko karibu metre 1500 juu, na kwa urefu huo maji yanachemka kwa 95 hivi. Ni ile sababu yenye inafanya maharagi yachelewe kuiva kwetu. Kwa hiyo maji hayafiki hata kwenye 110. Ushanga utakuwa mugumu kidogo kwa inje, mutu atafurahi, na kisha wiki mbili mukiriya atarudisha bangili yenye imevunjika.

Mawazo ya tatu ni tanuri ya matofali, kwa wale wenye wanaamini kabisa kama ni udongo. Ile inachoma kwa mamia ya digri. Hakuna kitu kitabaki isipokuwa masizi na harufu.

Na furu ya mikate? Mukate unaiva karibu na digri 200, ni mingi sana kwa hii kazi. Kungoja furu ipoe kisha kuingiza shanga inawezekana kwa hesabu, lakini ni furu ya chakula cha watu, na plastiki haina kazi pale.

Chenye kinafaa ni furu ndogo ya umeme, ile ya mezani, ikiwekwa pahali penye hewa, na isirudie kupika chakula. Pamoja nayo, termometri ya furu. Ile alama ya mukono kwenye furu inadanganya: unaweza kuiweka kwenye 120 na ndani iko 150. Termometri inawekwa pembeni kabisa ya shanga, si karibu na mulango. Mutu akipasha furu bila kitu kwanza, akiangalia sindano mupaka itulie, anajua furu yake inadanganya kwa digri ngapi. Kama mutu ana makuta ya kununua kitu kimoja tu mbele ya kununua rangi nyingi, anunue termometri.

Wengi watauliza: na umeme ukikatika katikati? Kwa hii pate hakuna shida kubwa. Yenye haikuiva inaweza kurudishwa kwenye furu kesho, hata mara tatu, ine, na haitaharibika kwa kurudiwa. Kinachoiharibu ni joto kupita kiasi, si kupikwa mara mingi.

Kazi yenyewe ya mikono ni tamu, na haiombi mashini. Chupa ya kioo ya kulainishia, wembe mupya, sindano ya kushona, kigae cha kioo ao cha sakafu cha kufanyia kazi juu yake. Pate inakandwa mupaka ipate joto ya mikono na iache kupasuka pembeni. Mikono isafishwe kila mara rangi inabadilishwa, juu nyeupe inakamata kila uchafu: kisha kushika nyekundu, nyeupe itakuwa ya waridi hata kama haukutaka. Shanga za duara zinaviringishwa katikati ya viganja. Tundu linatobolewa kwa sindano yenye inazungushwa polepole, kutoka upande mumoja mupaka ncha ionekane, kisha kutoka upande wa pili. Ukisukuma moja kwa moja, ushanga unatoka mudomo kama chupa. Kwa kupika, zinatundikwa kwenye waya ili zisilale upande mumoja.

Kisha kuko ufundi wenye unawashangaza watu, ule wa maua ndani ya ushanga. Maua hayachorwi. Mutu anatengeneza mukate murefu kama soseji: katikati fimbo ya njano, kuizunguka fimbo tano za rangi ingine kama majani ya ua, nafasi zinajazwa na rangi ya tatu, na vyote vinafungwa na ngozi nyembamba. Kisha anaufinya na kuuviringisha, polepole kutoka katikati, mupaka ile soseji nene kama mukono wa mutoto ikuwe nyembamba kama kalamu. Ua linapunguka pamoja nayo, bila kupoteza sura. Akikata kwa wembe, kila kipande kina ua lile lile, makumi na makumi. Vile vipande vinabandikwa juu ya shanga na kuviringishwa mupaka vishikane.

Ule ufundi haukuanza na plastiki. Ni wa wafua-kioo wa Venice, kule Italia, wenye walikuwa wanavuta fimbo za kioo za rangi na kuzikata vile vile. Na shanga za Venice zinajulikana huku kwetu tangu zamani, juu misafara ya biashara ilizibeba kutoka pwani mupaka ndani ya bara. Wakati Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika Ujiji mwaka 1874, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, alikuta sokoni watu wanalipana kwa shanga zenye ziliitwa sofi, zenye sura ya vipande vya murija wa kiko. Ushanga ulikuwa franka. Leo wale wa pembeni ya ziwa wanalipa kwa dola, lakini jicho la kuchagua ushanga halijapotea.

Kwa sanamu ndogo mambo yanabadilika kidogo. Kichwa cha sokwe ao okapi ya kuweka mezani haifinyangwi kwa pate tupu. Ikikuwa nene, ndani haiivi sawa na inje, inapasuka. Kwanza mutu anafinya karatasi ya aluminiumu mupaka ipate umbo, anaipiga juu ya meza ikuwe ngumu, kisha anaivalisha pate ya unene wa kidole kidogo ao chini ya pale. Pate inapunguka, bei inapunguka, sanamu inakuwa nyepesi. Miguu myembamba na shingo za okapi zinaomba waya ndani.

Kisha kuiva, kasoro zinasuguliwa kwa karatasi ya msasa ndani ya maji, ili vumbi isipande kwenye pua. Verni ya kucha isitumiwe, hata kama inang'aa: dawa iliyo ndani yake inalainisha plastiki, na kisha miezi michache sanamu inanata kama peremende yenye kulambwa.

Kuhusu afya kuko mambo mengine. Zamani mafuta ya kulainisha yalikuwa mara mingi ya aina ya ftalati, na mwaka 2005 Umoja wa Ulaya uliweka sheria ya kuyazuia kwenye vitu vya kuchezea watoto. Kampuni kubwa zimebadilisha. Pakiti yenye haina jina wala maandishi, hakuna mwenye atajua ndani kuko nini. Ni afazali kuiacha. Kisu na sahani za hii kazi zisirudi jikoni, na mutu asitengeneze kikombe cha kunywea, hata kama imeiva vizuri. Mabaki yasitupwe kwenye mbabula: PVC yenye kuungua inatoa moshi wa sumu. Mabaki mabichi yanachanganywa na kuwa tumbo ya shanga za kesho.

Na biashara? Pakiti ndogo ya gramu 57 inatoa karibu shanga 50 za sentimetre moja, ukihesabu zenye zinaharibika. Lakini kukata vile vishanga vyembamba kwa mukono ili kushindana na bangili za China ni kupoteza siku. Mashini inazikata kwa maelfu. Chenye mashini haijajaribu ni vitu vyenye watu wa hapa wanavitambua: okapi yenye miguu yake ya milia, mutumbwi wa ziwa Kivu, mama mwenye kubeba kitunga, herini za rangi ya kitenge cha mukiriya mwenyewe. Ile mutu ataifanya moja moja, na mununuzi ataelewa juu ya nini inapita bei ya bangili.

Kwa wenye hawana umeme kabisa, kuko pate ingine yenye haiombi furu. Ni maizena ao fekule ya muhogo pamoja na kole nyeupe ya mbao, sehemu sawa, mafuta kidogo na matone ya limau. Inakorogwa kwenye moto mudogo mupaka iachane na sufuria kama bugali, kisha inakandwa. Vitu vyake vinakauka kwa hewa, siku kazaa, na vinapunguka kidogo. Haipendi maji: wakati wa mvua inaweza kuota kuvu, kwa hiyo inaomba verni, na haifai kwa bangili yenye mutu ananawa nayo. Kwa herini na sanamu za kabati inafaa.

Mwenye anaanza na plastiki apike kwanza kipande kimoja tu, chembamba kama ganda la muhogo, pamoja na termometri. Kikishapoa, akikunje kwa vidole. Kikikunjika bila kupasuka, furu yake iko sawa. Kikikatika, aongeze dakika, na arudishe.